Gari Lililomgomea Mtani Wangu

Ushanga wangu wa kuitia gari nimeutunga uzi mmoja na rozari, kwa sababu shingo ninayo moja tu, na uzi mzuri niliokuwa nao ulikuwa mmoja. Kwa hiyo siku nyingine nikiwa katikati ya Salamu Maria kidole kinateleza kinabonyeza ule ushanga, na kabla sijafika Amina gari lisilo na dereva la kampuni ya Bebeka limeshasimama mlangoni, limefungua mlango, linaniamkia.

"Shikamoo Bibi Sekalinga. Tunaelekea wapi leo?"

"Marahaba, mwanangu. Hatuelekei popote, nasali."

"Samahani, Bibi. Uniombee na mimi."

Nani aliyelifundisha kujibu hivyo sijui, lakini huwa naliombea.

Mimi nimeishia darasa la saba, ila kitu kikipita mbele yangu lazima nikitazame kimefungwaje. Magari ya Bebeka nimeyatazama sana. Yana umbo la yai lililolazwa ubavu, rangi ya chai ya maziwa, hayana mbele wala nyuma. Ndani kuna viti viwili virefu vinavyotazamana, na pale ambapo zamani ungekuta usukani kuna kishubaka. Wenzangu huweka mboga, mimi huweka miwani. Kitambaa cha kiti kimefumwa kama mkeka, na ukikikazia macho utaona kati ya nyuzi kuna nyuzi nyingine nyembamba za shaba. Hizo si mapambo. Hizo zinasikiliza mapigo ya moyo wako kupitia nguo.

Nilipokuwa msichana hapa Iringa tuliita gari kwa simu. Unaliita, dereva anakupigia: "Uko wapi?" Unamwambia uko kwenye duka la bluu. "Lipi, mbona yako mawili?" Halafu anauliza unakwenda wapi, unalipa taslimu au kwa simu, na jibu lisipompendeza anakata. Kwenye ramani unakiona kigari chake kinageuka kinaondoka kama mbuzi aliyeona mvua. Na ukimpata, hujui umempata nani. Wapo waliotuimbia kwaya njia nzima na kutubebea mizigo mpaka mlangoni. Wapo waliokigeuza kile kioo kidogo cha mbele watutazame magoti. Na abiria wa kuchangia gari nao walikuwa hivyo hivyo, mmoja malaika, mmoja nyoka.

Ndiyo maana lilipoletwa Sikio, sisi wanawake wa rika langu hatukupinga. Sikio ndilo linaloendesha magari yote. Njia ya kwenda linaijua, lakini kazi yake kubwa ni kusikiliza abiria wanavyoishi humo ndani. Likisikia mtu anamwonea mwenzake linamshusha, na kuanzia hapo magari yote yanamgomea. Atabonyeza ushanga mpaka kidole kiote sugu, hakuna yai litakalokuja. Anayeweza kumfungulia ni yule aliyetendewa, kwa kinywa chake.

Nililiona jambo jema, na hata sasa sijasema ni baya. Ngoja kwanza nieleze.

*

Mzee Kasian Tawete anakaa Ipogolo, chini kule darajani, nami nakaa Kihesa, huku juu. Yeye Mngoni, mimi Mhehe. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaona heri warushiane maneno badala ya mikuki. Kwa hiyo huyu ni mtani wangu. Mtani anaweza kukwambia neno lolote, anaweza kuondoka na kuku wako mchana kweupe, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Siku tuliyomzika mume wangu, Mzee Tawete alishuka kaburini akalala chali, akasema shimo hili ni zuri mno kwa Mhehe, yeye hatoki mpaka aletewe kibuyu cha ulanzi. Watoto wangu waliokuwa wakilia walicheka. Mimi nilicheka huku machozi yananiingia mdomoni. Mtu aliyekufanyia hivyo huwezi kumlipa.

Sasa ana kidonda mguuni kisichotaka kupona, na kliniki ya vidonda iko huku juu mjini. Barabara ya mlima siku hizi haipiti gari lenye usukani. Ni mayai tu yanayopanda na kushuka, na pembeni kuna njia ya miguu na mikokoteni. Nilikuwa na kawaida ya kumfuata kwa Bebeka siku ya kliniki, maana peke yake huwa anajidai amesahau.

Siku ile ilikuwa ya ukungu, ule wa mwezi wa saba unaoficha hata jiwe la Gangilonga. Nikamkuta amesimama na fimbo yake, koti limefungwa mpaka kidevuni.

"Umechelewa, Mhehe," akasema kabla hata mlango haujafunguka wote. "Mbwa wangu amejificha chini ya kitanda tangu aliposikia unakuja. Nimemwambia huyu bibi meno ya kumla hana, hataki kuniamini."

"Ingia, mzee, unaingiza baridi. Mguu unaendeleaje?"

"Mguu unakusalimia. Unasema lini utaacha kuuringia."

"Pole yake. Wala si kosa lako. Babu zako walitembea toka kusini kabisa mwa Afrika mpaka huku, wakaimaliza miguu ya ukoo mzima. Wewe umezaliwa na makombo."

Alicheka mpaka akaupiga mguu ule mzima kwa kiganja. Nami nilipoona amecheka nikazidisha, nikamwambia kama si Wahehe kuwahurumia wangekuwa wanatembea mpaka leo, wako Sudani huko wanauliza njia.

"Mhehe!" akapiga kelele, fimbo juu. "Leo nakuzika! Shimo nimeshalichimba, nimelipima kwa urefu wa huo mdomo wako, ndiyo maana unaniona nimechoka!"

"Utachimba na nini? Mguu mmoja ushike jembe, mwingine ukushike wewe?"

"Nakuzika leo leo, haki ya Mungu!"

Gari likasimama.

Tulikuwa kwenye kona ile ambayo siku isiyo na ukungu unauona mto wote kule chini. Kioo kikapanda kutoka sakafuni kati ya kiti chake na changu, taratibu, bila kelele, kama maji yanayojaa. Sikuwa nikijua kwamba kuna kioo pale. Hata katika mshangao ule niliinama nikaangalia kinatokea wapi.

"Abiria Kasian Tawete," gari likasema, na sauti ilikuwa ile ile ya binti aliyelelewa vizuri, ila haikuwa na Mzee wala shikamoo. "Umetishia uhai wa abiria mwenzako. Utashushwa mahali salama. Bibi Sekalinga, hakuna atakayekugusa. Vuta pumzi."

"Ametishia nani? Huyu ni mtani wangu!"

"Moyo wako umekwenda mbio, Bibi. Nimeusikia."

"Nacheka! Mtu akicheka moyo hauendi mbio?"

"Wengi husema hivyo, Bibi."

Likamshusha penye kibanda cha kupumzikia cha njia ya miguu, chenye benchi na paa. Mzee Tawete mwenyewe alidhani ni mchezo wangu. Alisimama kwenye ukungu akitikisa fimbo, akipiga kelele nje ya kioo: "Umelifundisha na gari utani, Mhehe? Hongera!" Nikaliamuru gari lisimame, nikalisihi, nikalipiga kiti makofi. Lilinirudisha nyumbani likinichezea muziki wa kutuliza moyo.

*

Siku ya kliniki iliyofuata mtani wangu alipanda mlima ndani ya mkokoteni wa nyanya. Vijana wa mikokoteni hupandisha matenga siku za gulio, wakamwonea huruma wakamwekea gunia katikati ya matenga mawili. Aliwasili uani kwangu amekaa kama askofu, koti limechafuka mbegu, akitangaza kwa mtaa mzima kwamba Wahehe wameishiwa nguvu za kupigana na watu sasa wanatumia magari.

Tulicheka. Lakini nilipomsaidia kushuka niliona bandeji imelowa, na mkono wake ulinishika bega kwa uzito ambao si wa mtu anayetania.

Ndipo akaja Winfrida. Huyu ni binti wa Bebeka anayeshughulika na watu waliogomewa. Alibisha hodi, akavua viatu bila kuambiwa, akanywa chai akasifu tangawizi. Nikampenda. Akanieleza kwa utulivu, nami nikamuuliza maswali yangu yote, hata ya kile kioo.

"Sikio halijui utani, Bibi," alisema. "Waliolilea walilisikilizisha mazungumzo ya miji ya mbali. Huko mtu akisema nakuzika, anamaanisha. Na moyo nao haulisaidii. Kicheko na hofu vinapiga mlango ule ule. Pumzi inakatika, kiganja kinatoa jasho, moyo unakimbia. Likipima tu, haliwezi kujua."

"Sasa mtalifundisha lini?"

"Wewe ndiye utakayelifundisha." Akatabasamu. "Utaulizwa swali moja: je, ulitukanwa? Ukisema hapana, Sikio litaichukua safari yenu yote, maneno, mapigo, vicheko, na kuiweka kuwa mfano. Tangu siku hiyo Mhehe na Mngoni wakizikana ndani ya gari, gari litaendelea na safari. Na Mzee atafunguliwa pale pale, pamoja na wote waliogomewa kwa utani wa namna hiyo."

"Hapana," nikasema. "Haya, nimeshasema. Liite gari limpeleke."

Akacheka. "Si hapa, Bibi. Sheria inataka iwe ndani ya gari, kwenye kiti kile kile, na yeye mwenyewe akiwepo asikie. Na ufikiri kwanza. Ukisema ndiyo, nilitukanwa, basi imekwisha. Hagomewi wiki wala mwezi. Anagomewa moja kwa moja."

"Na nikinyamaza?"

"Kimya tunakihesabu kuwa hapana. Si haki mtu agomewe kwa kimya."

Niliona hiyo ni sheria nzuri. Nilimsindikiza Winfrida mpaka barabarani, na njiani kila niliyekutana naye nilimwambia: tunakwenda kulifundisha gari utani. Nilijiona mwalimu. Mzee Tawete kule Ipogolo naye akatangaza kwamba Wahehe hatimaye wamepata mwanafunzi wa kiwango chao.

*

Katika nyumba inayopakana na ua wangu anakaa Konsolata na mumewe Osmund Komba. Konsolata ni Mhehe kama mimi, mshonaji wa sare za shule. Osmund ni Mngoni, kijana mcheshi, fundi wa kupaua nyumba. Siku ya harusi yao utani ulikuwa mwingi kuliko wali. Wana mtoto mmoja wa kike anayetambaa.

Osmund amegomewa na magari tangu kabla ya mvua. Mtaa ulisema ni hitilafu ya mtambo, na yeye mwenyewe alisimulia kwa kuchekesha. Konsolata akawa anapanda peke yake. Na kwa kuwa mimi macho yangu hayatulii, nilikuwa nimeona jambo. Kila alasiri anaita yai, anaingia na mtoto, wanashuka mlima. Baada ya muda wanarudi. Anakwenda mikono mitupu, anarudi mikono mitupu. Nilikuwa nikijiuliza anafuata nini kule chini. Jambo jingine, akirudi, shavu lake la kushoto linakuwa na mistari, imepishana kama mkeka.

Alikuja jioni, mtoto mgongoni, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko.

"Bibi, ni kweli mtalifundisha gari utani?"

"Kweli kabisa, mwanangu. Na Osmund wako atafunguliwa. Mtapanda tena pamoja."

Alimfungua mtoto akamnyonyesha. Nilikuwa nachambua mchicha, nikaendelea kuchambua.

"Ameshasikia," akasema. "Jana amecheka sana. Amesema nikuambie asante."

"Aa, si kitu."

"Bibi, unajua aliniambia nini siku ile gari lilipomshusha?"

"Sijui, mama."

"Aliniambia, Mhehe, leo nakuzika."

Mkono wangu ukasimama ndani ya ungo.

"Gari likasema moyo wangu unakwenda mbio. Nikaliambia nacheka. Nikaliambia huyu ni mume wangu, ni mtani wangu, tunataniana. Na nilikuwa nacheka kweli, Bibi. Mimi nacheka kuliko wote. Nisipocheka ndiyo anaanza."

Mtoto alikuwa ananyonya kwa sauti. Nikashika lile nililolidhani ni msingi wa jambo lenyewe. "Lakini utani ni kujibizana. Yeye akirusha nawe unarusha. Anayeonewa hajibu. Winfrida nitamwambia hivyo, Sikio lisikilize kama mtu anajibu."

"Najibu, Bibi. Ananiambia nijibu. Anataka majirani wasikie najibu."

Basi nikajua kwamba vile vicheko vilivyokuwa vinavuka ukuta sikuwa nimevielewa hata kimoja. Nikamuuliza, kwa sababu swali lilikuwa limenikaa kooni siku nyingi: "Huko chini unafuata nini?"

"Nalala." Alisema kama mtu anayetaja kitu dukani. "Naliambia gari liende darajani na kurudi. Likianza kuteremka nalaza kichwa kwenye kiti. Mtoto naye analala. Osmund anajua mimi siwezi kushushwa na yeye hawezi kupanda. Siku ya kuulizwa swali nimeiahirisha mara tatu, nasema mtoto anaumwa. Bibi, watu wote nimewaambia nacheka wakaniamini. Mama yangu aliniamini. Padri aliniamini. Gari lile ndilo la kwanza kutoniamini."

"Njoo ulale hapa kwangu. Chumba cha uani hakina mtu."

"Atanifuata akicheka, na wewe utamkaribisha chai." Hakusema kwa ubaya. Alimfunga mtoto mgongoni. "Usimwambie mtu, Bibi. Hata mtani wako. Akijua mmoja, Osmund atajua nimesema. Nimekuja tu ujue. Mguu wa mzee nao nauona, usifikiri siuoni."

Akaondoka. Mchicha ule ulibaki na mizizi mpaka kesho yake.

*

Nikamwita Winfrida nikamuuliza kwa kuzunguka, bila kutaja mtu.

"Haiwezekani nimfungulie huyu mzee wangu mmoja tu, wengine mkawaacha?"

"Bibi, magari ni mengi lakini Sikio ni moja. Likijifunza kwenu limejifunza kwa wote, hapa na Songea na kokote. Ndiyo faida yake."

"Na mtu mbaya akijifanya anatania?"

"Tumelijadili. Watakuwepo. Lakini wanaoonewa kwa kutojulikana utani wao ni wengi zaidi. Wazee, Bibi. Watu wa misiba. Tunapima wapi kuna maumivu mengi."

"Mnayapimaje?"

"Kwa malalamiko tunayoletewa."

Nikamshukuru. Nikakaa nikifikiri juu ya malalamiko, ni nani anayeyaleta na ni nani asiyeyaleta. Mzee Tawete alilalamika mpaka vijana wa nyanya wakamwekea gunia. Konsolata anacheka.

Sikuwa na hakika. Nataka msomaji ajue hilo, maana ni rahisi baadaye kusema nilijua. Upande mmoja nilikuwa na mguu unaolowa bandeji, wa mtu aliyelala kaburini mwa mume wangu ili mimi nicheke. Upande mwingine nilikuwa na shavu lenye mistari ya kiti. Nikivipima, mizani inakwenda huku inarudi huku. Nilisali rozari nikitafuta jibu, na badala ya jibu likaja gari.

"Shikamoo Bibi. Tunaelekea wapi?"

"Wewe," nikaliuliza, "siku ile niliposema nacheka uliniambia wengi husema hivyo. Ulijuaje kama nacheka au naogopa?"

"Sikujua, Bibi," likasema. "Ninapokuwa sijui, nasimama."

*

Siku ya jibu ilikuwa na jua. Gari lilisimamishwa kando ya barabara karibu na kanisa, milango yote miwili wazi, nami nikakaa kwenye kiti changu cha siku ile. Kioo kilikuwa kimepanda. Mzee Tawete alikuja na nyanya zake kama kawaida. Vijana wakamshusha, akaketi kiti cha upande wa pili, mkabala nami, fimbo kati ya magoti. Winfrida alisimama nje amekunja mikono. Majirani nao walikuja, maana habari nilikuwa nimeieneza mwenyewe. Osmund alikuwepo, amevaa shati zuri, akimwambia mwenzake kitu wakacheka. Konsolata sikumwona.

"Harakisha, Mhehe," Mzee Tawete akasema kupitia kioo. "Nimewaambia kliniki leo nakuja kwa gari. Nimeoga na mguu."

"Ulikuwa hauogi?"

"Nilikuwa nauhifadhi kwa ajili ya matanga yako."

Watu wakacheka. Winfrida akacheka. Gari likangoja watulie, kisha likaniuliza kwa ile sauti ya binti.

"Bibi Sekalinga. Katika safari yako na Kasian Tawete, je, ulitukanwa?"

Kupitia kioo alikuwa ananitazama, ameinua nyusi, meno yake machache yameshajiandaa kucheka. Alikuwa ameshika ushanga wake wa kuitia gari kati ya vidole, tayari kuubonyeza.

Nikiwa nimekaa pale, yai jingine lilipita likiteremka mlima. Lilipita taratibu, na kwenye dirisha lake kulikuwa na kichwa kimelala, kitambaa cha kichwa kimeteleza, na kando yake kiguu kidogo cha mtoto kisicho na kiatu.

"Ndiyo," nikasema. "Alinitukana."

Winfrida alishusha mikono. "Bibi," akasema polepole, "labda hujaelewa swali."

"Nimeelewa, mwanangu. Ninaogopa kupanda naye. Aliniambia atanizika."

Sikumtazama Osmund, lakini nilisikia kicheko chake kimekatika katikati.

Mlango wa upande wa Mzee Tawete ukajifunga nusu na kujifungua, ishara ya kumtaka ashuke. Hakushuka upesi. Alinitazama kwa muda, kama mtu aliyesomewa barua isiyo yake. Ushanga ukamtoka vidoleni. Ningeweza kumweleza kwa neno moja, na neno hilo halikuwa langu.

Kisha akacheka.

Alianza chini kwa chini, mabega yakitikisika, halafu akaangusha kichwa nyuma. "Mhehe!" akapiga kelele mpaka watu wa kanisani wakatoka. "Mhehe amenizika! Nimechimba shimo miaka yote, akanitumbukiza mimi! Mmeona? Jamani mmeona? Mbele ya watu! Na mtani hanuni!"

Watu wakashusha pumzi wakaanza kucheka naye. Wakasema huo ndio utani, huo haujawahi kutokea. Winfrida peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama, kisha akageuka akalitazama lile yai lililokuwa linapotea konani.

Nilishuka nikazunguka upande wake kumsaidia. Vijana walishaugeuza mkokoteni. Nyanya zilishashushwa gulioni, matenga yalikuwa matupu, na kulikuwa na nafasi ya kutosha.

"Kuanzia sasa nitashuka mimi," nikamwambia. "Nitakuletea dawa na bandeji huko huko. Kila siku ya gulio nitapanda na wewe kwenye nyanya, tukienda kliniki."

"Upande wapi? Ulivyo mzito utawaua hawa watoto." Alikuwa bado anacheka, anafuta macho kwa kiwiko cha koti. "Siku yako ikifika, Mhehe, nitakuja kukuzika kwa mkokoteni huu huu. Nitachelewa makusudi. Wakungoje juani."

"Watakunywa ulanzi wako wakikungoja."

"Ulanzi wangu!" akasema. "Hata hilo!"

Nikamshika mkono apande. Nilimshika pale chini ya kiganja, kwenye mshipa, si kwa kukusudia. Nikamtazama macho, na macho yalikuwa na maji, na mdomo ulikuwa unacheka. Chini ya vidole vyangu moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, mbio sana.

Anacheka, nikajiambia.

Wengi husema hivyo.